Hita haipashi: uchambuzi wa kisa cha gari lililowahi kuchemsha

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji yetu ndogo, Nyanda za Juu Kusini, katika miezi ya baridi. Jina la mji, la mwenye gari na la mafundi waliotutangulia nimeyaondoa. Vipimo ni vile vilivyomo kwenye daftari la kazi. Vingine sikuvichukua siku niliyopaswa kuvichukua, na hilo nitalieleza mahali pake.

## Gari na mwenye gari

Mwenye gari nitamwita Mama K. Ni mtumishi wa umma. Hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, huendesha kilomita thelathini na ushee kupanda na kushuka vilima, na saa kumi jioni hurudi kwa njia hiyohiyo. Anayeijua Njombe au Makete mwezi wa sita hahitaji kuelezwa alfajiri hiyo ikoje. Sakitu imekaa kwenye majani, ukungu umelala barabarani, na kioo cha mbele kinafifia kwa pumzi ya dereva mwenyewe.

Gari lake ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1997, injini ya petroli ya lita 1.5, bloku ya chuma na silinda hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu. Lilikuwa limeshapita kilomita 280,000. Sehemu kubwa ya maisha yake hapa nchini liliishi Dar es Salaam, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Dar hita ni kitufe cha pambo. Hakuna anayekigusa, kwa hiyo hakuna anayejua siku kilipoacha kufanya kazi. Koki inayoruhusu maji kuingia kwenye hita inaganda mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, maji ndani ya rejeta ya hita yanasimama, na kutu ya mfumo mzima inatafuta pa kutulia na kupapata hapo.

Malalamiko yake aliyatoa kwa sentensi moja. "Shikamoo mama," nilimwambia. "Marahaba mwanangu. Hili gari linanipulizia upepo wa friji."

Alikuwa ameshaenda kwa mafundi wawili kabla yetu. Wa kwanza alifungua kifuniko cha oili, akaona ute mweupe kama maziwa ya mgando, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imekwisha. Wa pili alimshauri aikate hita kabisa: mipira miwili inayokwenda ndani iunganishwe yenyewe kwa yenyewe, yeye avae koti zito. Alikataa yote mawili. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na kanga aliyofutia kioo huku akiendesha, dirisha likiwa wazi nusu ili ukungu wa ndani upungue. Gesi ya kiyoyozi iliisha zamani, kwa hiyo hata hewa kavu ya kiyoyozi hakuwa nayo. Niliposikia hayo nikaacha kuiona hita hii kama suala la kustarehe. Dereva asiyeona mbele alfajiri kwenye kona za milimani ni ajali inayosubiri siku yake.

## Hita inavyopata joto

Nieleze kwa kifupi kwa wasiowahi kufungua dashibodi. Hita ya magari mengi haina moto wake. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji yaliyopashwa na injini hutoka upande wa silinda hedi, hupita kwenye mpira mmoja hadi ndani, huzunguka katika rejeta hiyo, kisha hurudi kwa mpira wa pili kuelekea wota pampu, pampu inayozungusha maji ya injini. Feni ya ndani inapuliza hewa kupitia mapezi yake. Kwenye gari hili palikuwa pia na koki inayovutwa kwa kebo kutoka kwenye kitufe cha joto, na ndiyo inayoruhusu maji kuingia.

Basi hita ikipoa, ama injini haina joto la kutoa, ama joto lipo lakini maji hayafiki, ama maji yanafika lakini hewa haipiti panapostahili. Mambo ni hayo matatu, na mpangilio wa kuyakagua ni huohuo nilioutaja. Mimi nilianzia la pili.

## Siku ya kwanza

Mama K alifika saa mbili asubuhi baada ya kuendesha kama dakika 25. Nje kulikuwa na nyuzijoto 9. Nikafungua boneti, nikashika mipira miwili ya hita kwa mkono. Mmoja ulikuwa wa moto wa kutosha kuuachia haraka, wa pili vuguvugu. Kila fundi amefundishwa maana yake: maji yanaingia kidogo kidogo na kupoa njiani, kwa hiyo kuna kizuizi. Nikamwambia kijana ninayemfundisha, "Rejeta ya hita imeziba." Naye akasema, "Bosi, mshale wa joto mbona uko chini sana?" Nikamjibu kwamba ni baridi ya asubuhi.

Jibu hilo ndilo lililotupotezea siku mbili.

Tuliacha injini ipoe, tukafungua kepu, yaani kifuniko, ya rejeta kubwa, ile ya mbele inayopoza injini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, wala hapakuwa na dalili ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya injini. Yalikuwa yamepungua kama nusu lita. Tangi la akiba, kwa upande mwingine, lilikuwa limejaa hadi shingoni. Niliandika yote mawili kwenye daftari, mstari wa tatu na wa nne, na sikuyaweka pamoja kichwani.

Kisha tukakagua ndani. Zulia la upande wa abiria lilikuwa kavu, hakuna harufu tamu ya kulanti, hakuna utando wa mafuta kwenye kioo. Rejeta ya hita basi ilikuwa haivuji. Tulisikiliza mlango wa hewa uliomo ndani ya dashibodi kwa kuzungusha kitufe huku na huku. Uligonga mwisho wa pande zote mbili, uko huru. Feni ilipuliza vizuri katika hatua zote nne. Suala la hewa likafungwa.

Koki ndiyo iliyotupa la kusema. Kitufe kilipofika mwisho wa joto, mkono wa koki ulifika katikati tu. Klipu inayobana ganda la kebo ilikuwa imechomoka, hivyo ganda zima lilikuwa linasogea badala ya waya wa ndani kuvuta. Tuliirudisha klipu, tukalainisha koki kwa kuizungusha taratibu kwa plaizi, ikafunguka yote.

## Uamuzi wa kuosha badala ya kubadilisha

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kushusha dashibodi na kuweka rejeta nyingine ya hita. Spea mpya ya gari la umri huu hapa kwetu haipatikani. Ya mtumba ingeagizwa Dar, na ya mtumba huja na kutu yake yenyewe. Isitoshe, plastiki ya dashibodi iliyokaa juani miaka ishirini na zaidi huvunjika kama biskuti. Ukiishusha nzima, utairudisha vipande. Kazi ya siku moja na nusu kwa matokeo ya bahati nasibu. Njia ya pili ni kuiosha ikiwa mahali pake. Haivuji, kwa hiyo ilistahili kupewa nafasi.

Tuliitoa mipira miwili pale kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Tukapitisha maji ya bomba kinyumenyume, yaani kwa kuyaingiza kwenye tundu ambalo kwa kawaida huyatoa. Uchafu ulioingia kwa mlango mmoja na kukwama hutoka kirahisi kwa mlango huohuo. Presha ilikuwa ya bomba la kawaida, nusu mzunguko. Kompresa haikuguswa. Rejeta ya hita imeungwa kwa risasi au kubanwa kwa mpira, na kompresa inaweza kuipasua kwa sekunde moja, halafu unabaki na dashibodi ya kushusha ambayo ulikuwa unaikwepa.

Kilichotoka kwanza ni tope jekundu, kisha vipande vyembamba kama magamba, kisha maji ya njano. Tukayeyusha asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaoutumia watengeneza juisi, gramu 50 kwa lita moja ya maji moto, tukajaza rejeta ya hita na kuiacha dakika 30. Tukasuuza pande zote mbili hadi maji yakawa meupe. Nasisitiza asidi hii kwa sababu nimeona mafundi wakitumia maji ya betri kwa kazi hii, na wengine magadi makali ya kuzibulia sinki. Ya kwanza inakula chuma, ya pili inakula aluminiamu. Utaona uchafu ukitoka kweli, na sehemu ya uchafu huo ni rejeta yenyewe.

Tukarudisha mipira, tukajaza maji, tukatoa upepo ulionaswa ndani, tukamkabidhi. Hewa kwenye tundu la katikati ya dashibodi ilikuwa ya nyuzijoto 36. Ya kabla hatukuwa tumeipima. Mama K akasema ni afadhali. Nami nikaridhika na neno hilo.

## Siku ya tatu

Alirudi. "Mwanangu, afadhali ile imeishia kwenye mtelemko wa kwanza."

Safari hii nilichukua kipimajoto cha bastola, kile cha kuelekeza na kubonyeza. Kuna ujanja wake: kwenye chuma kinachong'aa kinadanganya, husoma chini sana. Tulibandika vipande vya utepe mweusi wa umeme kwenye nyumba ya themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, na kwenye vipande vya bomba la hita, ndipo tukapima juu ya utepe. Gari lilikuwa limetoka safari ya dakika 25 kama siku ile.

Nyumba ya themostati ilisoma 58. Bomba la kuingia kwenye hita lilisoma 56, la kutoka 48. Hewa ndani, 34.

Namba hizo zilisema mambo mawili. Tofauti ya nyuzi 8 kati ya kuingia na kutoka ni dalili ya maji yanayopita vizuri, kwa hiyo uoshaji na koki vilikuwa vimefanya kazi. Lakini injini ambayo imetembea dakika 25 ikiwa na joto la 58 haijawahi kuamka. Injini kama hii hutakiwa kukaa karibu na 85 hadi 95. Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa umeshika mpira wa nyuzi hamsini na kitu ukaniambia "moto". Ngozi ya binadamu huanza kuumia kabla ya nyuzi 50. Juu ya hapo 58 na 85 ni "moto" uleule. Mkono hauna namba.

Tukafungua nyumba ya themostati. Bolti mbili. Ndani hapakuwa na kitu. Palikuwa na uwazi, na silikoni nyeusi ya kuziba iliyopakwa kwa wingi na mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa wasioijua, themostati ni mlango unaofungwa injini ikiwa baridi ili maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate joto. Ya gari hili huanza kufunguka kwa nyuzi 82. Ukiitoa, maji yote yanazunguka kwenye rejeta kubwa tangu unapowasha gari, na alfajiri ya nyuzi 9, kwenye mteremko ambapo injini haifanyi kazi yoyote, joto linalotengenezwa linapotea lote mbele ya gari kabla halijafika ndani. Kompyuta ya injini inasoma joto dogo, inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kumimina petroli ya ziada. Ule ute mweupe chini ya kifuniko cha oili nao ulipata maelezo: mvuke unaoingia kwenye oili hauna joto la kuufukuza, unapanda na kuganda kwenye sehemu ya juu iliyo baridi kuliko zote. Hiyo peke yake si gasketi. Tuliihakikisha kwa kipimo cha dawa ya bluu kinachonusa hewa ya juu ya maji ya rejeta injini ikinguruma. Gesi ya moshi ikiwemo, dawa hugeuka njano. Ilibaki bluu.

Tuliweka themostati mpya ya nyuzi 82, kitundu chake kidogo cha kupitishia upepo kikiwa juu kabisa. Shilingi 25,000. Mfumo tuliujaza maji safi, si kulanti, kwa hesabu kwamba azunguke nayo siku chache yabebe uchafu uliobaki, kisha tuyamwage na kuweka kulanti mara moja. Hesabu hiyo naiona bado ni ya busara, ila ilikuwa na shimo.

Kutoa upepo tulifanya kwa uangalifu: pua ya gari imeinuliwa kwenye kilima kidogo cha mlangoni, kitufe cha hita kwenye joto la mwisho, kepu wazi, maji yakimiminwa polepole, mpira wa juu ukiminywa mara kwa mara hadi mapovu yakaisha na themostati ikafunguka. Rejeta ya hita ipo juu ya sehemu nyingi za mfumo, na upepo wowote uliobaki hukimbilia huko.

Nyumba ya themostati 86. Kuingia hita 82, kutoka 71. Hewa ndani 54. Mama K aliweka viganja kwenye matundu ya dashibodi akacheka. Siku hiyo nilidhani kisa kimekwisha.

## Siku ya saba

Simu ilikuja jioni. Gari limesimama kwenye mlima, mvuke unatoka boneti, mshale umepanda kuelekea alama ya juu. Alikuwa amefanya jambo la maana kuliko yote niliyoyafanya mimi wiki hiyo: alipoona mshale unasogea alizima injini, akakaa pembeni, hakugusa kepu. Nilimwambia asubiri. Tulimkuta baada ya dakika 40, maji yamemwagika barabarani chini ya tangi la akiba, rejeta imepungua zaidi ya lita moja, mipira yote mizima.

Njiani kurudi, kijana akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku tuliyokuta uwazi ule: "Bosi, kwani aliyeitoa aliitolea nini?"

Tulimpigia fundi wa zamani. Mama K alikuwa na namba yake. Hakuona aibu, na hakuna sababu ya kuona. Takribani miaka miwili nyuma, muda mfupi baada ya gari kuhamia huku milimani, lilichemsha kwenye mlima uleule. Akatoa themostati. Halikuchemsha tena. Kwake kazi ilikuwa imekamilika.

Tukarudi kwenye daftari, mstari wa tatu na wa nne: rejeta imepungua, tangi la akiba limejaa. Kepu nzima ina milango miwili. Mmoja unazuia maji mpaka presha ifike kiwango, kwa gari hili 0.9 ba, ndipo unaruhusu ziada kwenda kwenye tangi la akiba. Wa pili unafunguka injini inapopoa, maji yarudi kutoka tangini. Rejeta ikipungua wakati tangi limejaa, maji yanatoka na hayarudi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni kepu, na baada ya hapo kile kimpira chembamba kinachounganisha rejeta na tangi.

Tuliifunga kepu kwenye pampu ya kupimia. Haikushika presha yoyote ya maana. Mshale wa pampu ulishuka palepale. Mpira wake ulikuwa umepasuka mduara mzima na springi imeliwa na kutu.

Hapa ndipo mwinuko unapoingia. Pwani, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye mita 1,900 hewa ni nyepesi, na maji hayohayo huchemka karibu na 94. Kepu nzima ya 0.9 ba inasukuma kiwango hicho hadi karibu na 115, kwa hiyo injini inayofika 95 kwenye mlima haijakaribia hatari yoyote. Kwa kepu iliyokufa, 95 hiyohiyo ni mchemko. Gari lilipokuwa Dar kepu mbovu ilikuwa na akiba ndogo ya kuponea. Lilipopanda milimani, akiba ikaisha. Fundi wa zamani alipoondoa themostati alishusha joto la injini mbali na 94, na kepu mbovu ikapata pa kujifichia kwa miaka miwili. Sisi tuliporudisha themostati tuliirudisha injini kwenye joto lake halali, na kwa maji matupu yasiyo na kulanti tukaifikisha pale pale ilipochemsha mara ya kwanza.

Kepu mpya ilikuwa shilingi 12,000.

## Matokeo

Tulipima tena kwa dawa ya bluu kuhakikisha mchemko haujaumiza gasketi, ikabaki bluu. Tukapima mfumo kwa presha ya 0.9 ba kwa dakika 15, haukushuka. Feni ya rejeta tuliisubiri hadi ikawaka yenyewe, kwenye nyuzi 93. Tukamwaga maji, yalitoka na wekundu hafifu, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, karibu lita 5.5 kwa jumla. Baridi ya kugandisha maji kwenye injini si tatizo letu kubwa. Kulanti hapa ni ya kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka.

Mlima uleule tuliupanda pamoja naye, abiria wanne. Mshale ulikaa chini kidogo ya katikati kutoka bondeni hadi juu. Hewa ya hita ilisoma 55, na kioo kilikuwa safi ndani ya dakika sita. Wiki mbili baadaye ute chini ya kifuniko cha oili ulikuwa umetoweka. Tulibadilisha oili hata hivyo, kwa kuwa iliyokaa miaka miwili kwenye injini baridi huwa na petroli na maji ndani. Mama K anasema anajaza mafuta kwa kuchelewa zaidi kuliko zamani. Hatukuwa na kipimo cha kabla, kwa hiyo hilo ni neno lake, na naliamini.

## Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi. Kutoshusha dashibodi kulikuwa sahihi, na sababu yake ilikuwa ushahidi: zulia kavu, hakuna harufu, hakuna utando kiooni. Rejeta ya hita isiyovuja huoshwa kwanza. Kutoamini ute wa kifuniko cha oili nako kulimwokolea mwenye gari gharama ya kufungua silinda hedi, kazi ambayo ingemaliza pesa na kuiacha hita palepale. Na mwenye gari mwenyewe, kwa kuzima injini mapema na kuiacha kepu, aliokoa injini ambayo sisi tuliiweka hatarini.

Lililoshindikana ni zito zaidi, na sehemu kubwa ni langu.

Nilianza katikati. Suala la kwanza, kama injini ina joto, lilihitaji dakika tano na kipimajoto kilichokuwa ndani ya droo. Nililiruka kwa sababu mipira miwili iliyopishana joto ilinipa jibu linalofanana na la vitabuni, na jibu hilo lilikuwa kweli. Kizuizi kilikuwepo, koki ilikuwa nusu. Ubaya wa kosa la kweli lililokutwa mapema ni kwamba linakuondolea hamu ya kutafuta jingine. Laiti rejeta ya hita ingekuwa safi siku ile, ningelazimika kufikiri.

Pia tulirekebisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Koki na uoshaji vilifanyika mchana uleule bila kupima katikati, na bila kupima kabla. Hadi leo siwezi kumwambia kijana ni kipi kati ya viwili kilichosaidia zaidi. Kwa mteja hilo si kitu. Kwa gereji inayofundisha ni somo lililomwagika.

Kosa la tatu ndilo ninalolirudia sana kwa vijana. Tulikuta nafasi tupu mahali pa kifaa, tukaijaza. Hatukuuliza kilichofanya ibaki tupu. Kifaa kilichovunjika kina hadithi ya chuma: kimechoka, kimeliwa, kimepasuka. Kifaa kilichotolewa kina hadithi ya mtu, na mtu yule alikuwa na sababu. Fundi wa zamani hakuwa mjinga. Alikuwa na mteja barabarani, gari linachemsha, na dawa inayojulikana na kila gereji kutoka Tunduma hadi Tanga. Kwenye joto la pwani dawa hiyo huonekana kufaa kwa sababu hakuna anayedai hita. Ajabu ni kwamba kuna injini ambazo hata kwa kupoza haizifai: themostati yake hufunga pia njia ya mkato ya maji inapofunguka, na isipokuwepo, maji hupitia njia ya mkato na kuikwepa rejeta, gari likachemsha zaidi mlimani.

Uamuzi wa kutumia maji matupu kwa siku chache ninautetea nusu. Lengo lilikuwa zuri. Lakini mfumo usiojulikana historia yake hauachiwi upande milima kabla ya kepu na presha kupimwa, iwe kwa maji au kwa kulanti. Sasa kwenye gereji yetu gari lolote linaloingia kwa suala la maji, hita ikiwemo, kepu yake inafungwa kwenye pampu kabla hatujashika spana. Inachukua dakika mbili.

Na kijana aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza kuhusu mshale, mara ya pili kuhusu sababu ya themostati kutolewa. Mara ya kwanza nilimjibu kabla sijafikiri. Swali lake nimeliandika kwenye ukurasa wa ndani wa daftari kwa wino mwekundu, bila maelezo.

Gharama yote kwa Mama K: themostati, kepu, kulanti, oili na kazi ya siku ya kwanza. Siku ya tatu na ya saba hatukumtoza kazi.

Miezi mitatu baadaye alipita kwa ukaguzi. Kulanti ilikuwa kijani safi, tangi la akiba kwenye alama yake, rejeta imejaa hadi mdomoni. Bomba la kuingia hita 83, la kutoka 68. Tofauti imetoka nyuzi 11 hadi 15 kwa kasi ileile ya feni, maana yake kuna magamba bado yanajitenga mahali fulani kwenye bloku na kwenda kukaa kulekule. Tumempangia kuiosha tena mwezi wa nne, kabla baridi haijaanza.